Njia ya Kurudi

Mwangaluka, shangazi, akasema, na mkoba sijautua,
akanishika mkono akanivuta hadi kwenye bani
ambamo babake alikaushia tumbaku.
Harufu bado imo ukutani, tamu, nzito, kama deni.

Humo ndani, ndege.
Mbavu za mbao nyepesi alizozisaka miaka miwili,
injini ya gari lile la mgongo wa kobe,
na rangi ya njano kila mahali,
hadi kwenye nati.

Haiwaki, akasema. Nimeuza ng'ombe wawili,
nimeagiza stata mpya Dar es Salaam,
na mpya nayo inasema yaleyale.
Akabonyeza.

Kwa.

Basi. Kama mtu anayejibu hodi bila kufungua.

Miaka thelathini na mmoja nilitibu umeme wa treni Tabora.
Nilikwisha kuona vijana wanaobadilisha kitu
kabla hawajakiuliza swali.
Leta mita, Sizya.

Betri: kumi na mbili nukta sita. Haina ugonjwa.
Ncha moja nikaigusisha kwenye hasi ya betri,
ya pili kwenye kiwiliwili cha injini.
Bonyeza sasa. Usiachie.
Mshale, uliopaswa kulala kwenye sifuri,
ukainuka hadi nane ukatetemeka pale.

Umeme unakwenda vizuri, nikamwambia,
ila hauna njia ya kurudi.

Nikafungua boliti ya waya wa ethi.
Chini yake, njano. Laini. Mikono miwili ya rangi,
imepakwa kwa mapenzi
mahali ambapo chuma kilitaka kubaki uchi.

Kipande cha msasa. Dakika tatu za kukwangua.
Stata ya ng'ombe wawili ikazungusha pangaboi
hadi popo wakatoka kwenye mapaa
na vumbi la tumbaku likatupigisha chafya sote.
Alicheka. Kisha akaitazama stata ya zamani kwenye boksi lake,
akaitazama tena.
Hakuuliza, nami sikumwambia.

Dakika ya nne injini ikakohoa, ikafa.

Hiyo naijua, akasema haraka, ni petroli ya chupa za barabarani.
Alikwisha kuosha kabureta mara tano,
chujio jipya, mpira mpya, matusi mapya.
Ukingoja robo saa inawaka tena, kama haikuwa yenyewe.
Ukienda, dakika nne.

Kinachopona kwa kungojewa hakijaharibika,
kimebanwa.

Tukaiwasha. Ilipoanza kuyumba
nikapanda kwenye kigoda, nikafungua kifuniko cha tangi.
Fyuuu.
Tangi likavuta hewa ndefu
kama mtoto aliyetoka majini,
na injini ikatengemaa, ikaendelea kuunguruma.

Juu ya bawa, bomba la pumzi, jembamba kama mrija wa soda.
Mdomoni mwake, tarumbeta ndogo ya nta,
na mlangoni nyuki wadogo, wale wasiouma,
wawili, walinzi, wakinitazama.
Nchi hii ya mizinga, nao wameona tangi
wakasema, mzinga.

Nikachokoa kwa sindano ya kushonea magunia.
Tone moja la asali likanichuruzika kidoleni.
Nikalilamba. Chachu, na petroli kidogo.

Kesho naruka, akasema.
Huruki, nikasema. Saa nzima iungurume imefungwa kwenye mti,
halafu kesho kutwa saa nyingine.
Gari likizimika utasukuma hadi pembeni.
Huko juu pembeni iko wapi?

Akanuna. Ana miaka ishirini na sita, na haki ya kununa.
Lakini jioni nilimkuta kwenye ngazi na taa ya kichwani,
anaziba mdomo wa bomba kwa kijipande cha wavu wa chuma,
tundu zake ndogo kuliko kichwa cha nyuki,
akipuliza, akisikiliza, akipuliza tena.

Nilipokwenda jikoni kuchuja chai
nikakuta chujio la mamake
lina tundu la duara katikati,
limekatwa vizuri sana.