Mbalimbali

Pasua hulala kabla yangu.
Saa nane na robo macho yangu kama taa ya stoo,
na kichwani mizani ya ghala inaanza kupima upya
magunia ya kahawa niliyoyapokea miaka thelathini na moja.
Gunia moja halionekani.
Bosi aliyekwisha kufa ananidai sahihi.

Nesi alinifunga ule mkanda wa presha,
akapuliza, akaachia, akanyamaza.
Mia na themanini na tano, mzee Eliringia. Una mawazo?
Nikasema sina. Mtu haulizwi hivyo mbele ya foleni.
Akaandika vidonge, akaongeza:
tafuta na kitu cha kufanya kwa mikono.
Kwa mikono! Hii ni mikono ya karani.
Kalamu imechimba bonde kwenye kidole cha kati,
jembe halinijui.

Na jembe ningelitia wapi? Uani kwa Haika ni saruji tupu,
pamesakafiwa kwa ajili ya gari ambalo bado hawajanunua.
Kihamba cha Kibosho kina wadogo zangu, kina kesi,
kina migomba ninayoisikia kwenye simu tu
upepo ukivuma.

Basi nikaokota ndoo ya rangi iliyokatika kishikio,
nikaitoboa chini kwa msumari wa moto.
Udongo nikaomba kwa fundi aliyekuwa anachimba choo cha jirani.
Samadi nikanunua. Ndiyo, mimi nilinunua mavi ya ng'ombe,
elfu mbili kiroba,
na nikaomba risiti.

Mbegu nilikuwa nazo.
Zimo kwenye kopo la majani ya chai, limefungwa kwa lastiki.
Apaikunda hakuandika kitu juu yake.
Yeye alizijua kwa kuzisugua kati ya vidole;
mimi niliandika kila kitu na sikujua lolote.
Alipofariki niliorodhesha vyombo vyake vyote.
Lile kopo nikaandika: mbalimbali.

Nikapanda. Nikamwagilia alfajiri, mlima haujajifunika bado,
maji ya kuoshea mchele; jioni, maji ya kunawa.
Siku ya saba, udongo.
Ya kumi na nne, udongo, na kichungi cha sigara ya mkwe wangu.
Nikainama mpaka pua ikaupata ule unyevu,
harufu ya kanga yake akirudi shambani masika.
Baba, mbegu zimeoza hizo, alisema Haika, nikununulie miche?
Subiri, nikasema.
Sijui nilikuwa namwambia nani.

Siku ya arobaini na moja, zahanati tena.
Mkanda, pumzi, kimya.
Mia na arobaini! Umepunguza nini, mzee? Chumvi?
Namwagilia ndoo.
Ndoo ya nini?
Ya udongo.
Akacheka, nikacheka, foleni nzima ikanitazama
kama karani aliyekosea hesabu akafurahi.

Sikumwambia yote.
Kwamba saa nane na robo bado naamka,
ila sasa natoka uani na tochi ya simu,
napiga magoti juu ya saruji baridi,
natia kidole hadi pingili ya kwanza:
pakavu, natia maji; pabichi, naacha.
Kazi yote ndiyo hiyo. Haina sahihi.
Bosi husimama mlangoni kidogo,
halafu huenda zake.

Jana kimechomoza kitu.
Majani mawili, madogo kuliko kucha ya mtoto.
Huenda ni mnafu, ule mchungu niliousukumia pembeni ya sahani
miaka yote ya ndoa, naye akiuvuta upande wake bila neno.
Huenda ni gugu, limekuja na samadi ya watu.
Sijakigusa.
Nilichukua kalamu nikaandika ubavuni mwa ndoo
neno lile lile, kwa herufi kubwa.
Halafu nikalifuta kwa mate na kidole gumba.

Haika anaosha mchele.
Nimemwambia asimwage.