Ishirini na Tisa

Karatasi ya maabara niliikuta nikifua,
imekunjwa mara nne mfukoni mwa koti lake la unga.
Mbaya: imepanda kidogo.
Nzuri: ishirini na tisa.
Nikacheka peke yangu. Miaka thelathini na moja nimelala na mtu huyu,
sikujua kuwa hata damu ina mwema na mwovu,
na kwamba mwema ndiye anayekwisha.

"Mengine ni ya kurithi," alisema Daktari Feride.
Nazmi akaitikia kama aliyesifiwa.
"Nzuri ni wafagizi. Huyazoa mafuta mishipani,
huyarudisha inini. Wako ni wachache.
Mji una harusi kila siku, wafagizi watano,
na mmoja wao anaumwa."

"Basi nipe kidonge cha kuwaongeza."

Daktari akavua miwani.
"Vidonge hivyo vilijaribiwa. Namba ilipanda.
Moyo haukupata habari."

Akamwandikia dawa ya yule mbaya.
Kwa ajili ya mwema akamwandikia kazi:
sigara, basi. Tumbo, lipungue. Miguu, itembee.
Samli impishe zeituni mezani.
Samli! Huyu anayepaka samli tangu ana miaka tisa,
tabaka arobaini za unga mwembamba kama karatasi ya sigara,
halafu pistachio, halafu arobaini tena,
anayeonja shira kwa kidole hata Ramadhani ikiisha dakika hiyo hiyo.

Sigara aliitoa jeshini, Kars, kwenye theluji.
Ilimkaa kidoleni kama pete ya pili.
Wiki ya kwanza alimfokea Bekir, mpwa wake, kwa sinia lisilo na kosa.
Wiki ya pili aliliomba radhi sinia.
Bekir bado anangoja zamu yake.

Tulianza kutembea baada ya alfajiri,
tukizunguka kilima cha ngome, mimi na magoti yangu.
Siku ya kwanza alisimama mara mbili kufunga kamba za viatu.
Viatu vyake havina kamba.
Nikatazama upande wa pili, nikahesabu paka.

Mwaka ukapita. Karatasi nyingine.
Thelathini na tatu.
"Nne tu?" akasema. "Mwaka mzima wa miguu, nne?
Miezi mitatu kwa moja! Hata dhahabu haiuzwi hivi."
Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

Jioni hiyo nilikuwa darini,
natunga maganda ya biringanya kwenye uzi, yakauke kwa ajili ya baridi.
Nikamsikia chini, ngazi ya kwanza, na kapu la pilipili,
akimlalamikia Bekir,
ghorofa ya kwanza Bekir, ya pili Bekir na shira yake,
ya tatu Bekir na simu yake,
mpaka akatokeza kichwa juani,
sentensi ikiwa moja, haijakatika.

Sikumwambia kitu.
Nilimpa ncha ya uzi ashike.