Utandu Wazi

Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni,
watoto wakishatoka, wazazi wao wanaingia,
wanabana magoti kwenye madawati ya darasa la pili
hapa Tongoni, njia ya Pangani.
Ukutani bado kuna irabu tano
na kuku aliyechorwa vibaya, chini yake: kuku.

Mtaala unasema: Mada ya Saba. Utandawazi wa kiuchumi.
Dakika themanini. Zana: ramani ya dunia.
Ramani yetu imeliwa na mchwa, walianzia Australia,
wanakuja polepole, sasa wako Bara Hindi.

Nikaandika neno ubaoni kwa silabi,
kama nilivyofundishwa chuoni:
u – ta – nda – wa – zi.
Nikapita kukagua. Bi Mwanakombo kaandika
utandu wazi.
Kalamu nyekundu ikainuka. Akaniwahi:
"Mwalimu, si huu wa chini ya chungu?
Wali wamepakua wenyewe,
kifuniko wakaacha wazi, sisi tukwangue?"

Darasa likacheka. Nikatazama mtaala.

Nikasema: hapana, maana yake dunia imekuwa kijiji.
"Kijiji cha nani?" akauliza Shemhilu,
aliyekata mkonge miaka thelathini na mmoja
na viganja vyake havifungi ngumi.
"Kijiji nakijua. Mtu akifiwa, majirani hufika.
Ilipokuja kamba ya nailoni
nani alinipa pole?
Tuliona malori hayaji, basi. Karani akasema: soko limeanguka.
Soko gani? Mgandini nilipita juzi,
limesimama, nimenunua dagaa."

Luiza hakusema neno. Alitoa mkobani
boksi la juisi la stendi ya Kange,
lenye picha ya chungwa la rangi ya moto,
maana aliyelichora hajui kwamba la Muheza
huiva likiwa kijani.
Kiswahili kimebanwa chini kabisa, chini ya Kiarabu.
Akasoma kwa kidole, ndicho alichojia:
I-me-te-nge-ne-zwa…
akataja nchi ambayo mchwa hawajaifikia.
Tukaitafuta. Akaigusa.
"Kwa baba," akasema, "wiki hii yameoza chini ya mti."

Kibwana wa mitumba akaongeza, kwa sauti ndogo,
kwamba mifukoni mwa makoti hukuta sarafu
ambazo hakuna duka linalozipokea.
Anazo kopo zima.

Kisha Bi Mwanakombo akataka kujua
mwani wake huishia wapi.
Nikamwambia: mwingine kwenye dawa ya meno.
Akashika shavu. "Kwa hiyo kila asubuhi najipiga mswaki na mgongo wangu?"
Akachukua chaki, akagawanya, tulikuwa tumefika kugawanya:
dawa moja ndogo, kilo tatu za mwani mkavu.
Na baki.
Akaniuliza baki ni ya nani.

Kazi ya nyumbani: tunga sentensi moja kwa neno jipya.
Alhamisi akaleta hii, herufi zikipanda na kushuka:

  Nauanika mchana, mwani wangu uwanjani,
  Mwenye bei sijamwona, yuko ng'ambo ofisini,
  Akipiga chafya jana, leo mafua Tongoni;
  Mwalimu, sema maana: mimi ni nani chunguni?

Nikahesabu mizani kwa vidole. Imetimia.
Nikatia vema. Niliombwa sentensi, nikapewa swali,
na kwenye fomu ya mkaguzi, Lengo limefikiwa?
kuna kisanduku cha Ndiyo na kisanduku cha Hapana,
havitoshi vyote viwili.

Nilipoinua kichwa, Shemhilu alikuwa juu ya dawati,
anafungua kamba ya nailoni iliyoshika ramani.
Alikuja na yake, kaisokota mwenyewe kwa viganja vile,
nyeupe, yenye harufu ya majani mabichi.
Akaifunga, akashuka, akakung'uta mchwa begani.
Dunia ilikaa upande kidogo.
"Iache," alisema. "Tuendelee."