Konokono wa Elfu Tisa

Gari langu halina nguvu chini. Nianze hapo, nisijisifu.
Ukiliondoa Barabara ya Kumi na Mbili
baiskeli yenye tenga la maandazi inakuwahi kwenye kona.
Elfu mbili, linapiga miayo.
Elfu nne, linauliza kuna nini.
Ila ukivumilia, ukikanyaga bila huruma,
elfu sita kemu ya pili inaamka
na sauti inageuka,
kama mtu mpole aliyesikia mama yake akitajwa vibaya.
Kutoka hapo hadi elfu tisa, kwenye mstari mwekundu,
sina neno.

Miaka miwili nimejaza kopo la maziwa ya unga
kwa posho za zamu za usiku, juu ya winchi, bandarini,
nilinunulie pumzi.

Fundi Kupaza wa Makorora akazichora tatu kwa chaki
kwenye sakafu ya oili.

Ya kwanza ina ndewe mbili zilizoshikana
kama mikono ya watu wasiojua salamu inaishia wapi.
Haibani hewa, inaisomba tu, kapu kwa kapu.
Ukigusa, ipo.
Lakini joto! Na juu kule inahema.

Ya pili, parafujo pacha, dume na jike.
Hewa inashindiliwa humohumo njiani.
Tamu chini, tamu katikati.
Bei aliiandika, kisha akaifuta kwa kiatu, kwa adabu.

Ya tatu ni feni ndani ya konokono.
Chini haina kitu. Inataka kwanza izungushwe.
Ongeza mbio mara mbili, inakulipa mara nne.

Mwanaharusi, mke wangu, anafundisha hesabu.
Aliinua baibui lisiguse oili, akaitazama ile ya tatu.
"Mgonjwa wa mguu mnampa dawa ya macho?
Na hiyo elfu tisa mtaipata wapi Tanga hii?
Kutoka nyumbani hadi bandarini matuta kumi na moja.
Pale Kange trafiki na tochi yake, nyuma ya mwarobaini."

Kupaza, kama watu wa kwetu, akibanwa hukimbilia vina:

*Mbuzi usimpe mbawa, atagonga tu ukuta,*
*Na ndege alojaliwa, mpe anga la kupita.*

"Mizani imetimia," akasema mke wangu. "Hesabu bado."

Sikumjibu siku ile.
Mimi mwenyewe nilichelewa kusema.
Miaka minne, kimya. Shangazi akaja na ufunguo
auzungushe mdomoni mwangu, nifunguke.
Mama akamtoa nje.
"Mwache azunguke," alisema. Basi.
Nilipoanza, walitafuta ufunguo wa kunifunga.

Tukafunga konokono.
Pauni sita tu za msukumo, Kupaza hakutaka zaidi:
injini hii imebanwa tangu kuzaliwa, ukiilafisha itapasuka.
Puli tuliibadilisha mara mbili. Mkanda ulilia wiki nzima
hadi tukagundua boliti moja, moja tu, imekaa upande.

Na elfu tisa? Ipo gia ya pili.
Inatimia kabla tochi haijakunja uso.

Jumapili tulitoka Muheza, gunia la machungwa
mapajani mwa Mwanaharusi, kwani gari lina viti viwili.
Barabara tupu, imenyooka.
Nikarudisha gia.
Elfu nne, hamna. Akanitazama kwa huruma ya mwalimu.
Elfu tano, mluzi, mwembamba, kama birika jikoni kwa jirani.
Elfu sita akaacha kuongea.
Elfu saba gunia likamrudia kifuani
akalikumbatia kwa mikono yote miwili
na mluzi ukawa si mluzi tena,
na mshale ukapanda, ukapanda, nami nikaachia
kwa sababu Pongwe ilikuwa imeshafika na watoto huvuka.

Kimya. Vumbi la saruji kwenye kioo.
"Mara nne," akasema, taratibu. "Kweli ni mara nne."

Tukaingia mjini gia ya kwanza, tuta baada ya tuta.
Karibu na nyumbani ile baiskeli ya maandazi ikatupita,
bila haraka,
naye akashusha kioo, akamrushia mwenyewe chungwa.