Ufunguo wa Tekle

Jumatatu nilimpa binti yangu ufunguo wake wa kwanza.
Ana miaka kumi. Mama yake yuko Bari, analea wazee wa watu,
nami nashinda kibandani nyuma ya soko la Kutaisi
nikichonga meno ya shaba mpaka giza linikute.
Nilimwambia: huu usiupoteze.
Hakuupoteza. Aliupiga picha.

Picha safi, sina budi kukiri:
kiganja kimekunjuka, ufunguo umelala kati,
nyuma yake nambari ya nyumba,
begani nembo ya shule.
Chini kaandika: Sasa mimi mkubwa!
Baba hurudi saa mbili usiku.
Watu arobaini na mmoja wameipenda.
Mmoja wao, ajiitaye Sandro, eti wa miaka kumi na mmoja,
mwenye kitoto cha mbwa mahali pa uso,
kauliza: mnakaa ghorofa ya ngapi?

Sikufoka. Niliiogopa sauti yangu.
Niliivuta picha kwa vidole viwili ikawa kubwa,
nikayahesabu mabonde: matano.
Nikachukua ufunguo bubu, ambao haujachongwa,
nikaubana kwenye jiliwa, nikauandama kwa tupa,
vumbi la shaba likinimwagikia mapajani
kama unga wa mahindi.
Dakika kumi na mbili.
Chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Usiku nilimsimamisha mlangoni.
Funga kwa ufunguo wako. Akafunga.
Sasa utie mfukoni.
Nikatoa wangu, ungali unanuka mafuta.
Kitasa kikageuka bila hata kukohoa.

"Umeupata wapi?"
"Kwako."

Tukakaa ngazini, paka wa Nargiza kati yetu.
Nikamwambia nijualo, nami najua vitasa tu:
mwizi mwerevu haombi ufunguo.
Huomba jino moja leo, jingine wiki ijayo.
Jina la shule ni jino.
Jina la mbwa wetu, ulilolifanya neno la siri
(usinitazame hivyo, nilibahatisha mara ya pili),
nalo ni jino.
Saa ya baba kurudi, hilo ni gego.

"Lakini Sandro ni rafiki."
"Umewahi kumsikia akicheka?"
Akafikiri kwa muda mrefu.
"Huenda ni mtoto kweli, baba."
"Huenda. Ila mlango haumjui.
Swali likikuwasha, niletee,
hata kama umeshalijibu. Sitakunyang'anya simu."
Ahadi hiyo ilinikwama kooni, lakini niliitoa.

Nilidhani somo limekwisha.
Tekle akanyoosha mkono, akaichukua simu yangu.
"Na hizi?"
Yeye siku ya kuzaliwa, utepe wa hospitali mkononi,
jina kamili, tarehe, saa.
Yeye kwenye beseni.
Yeye langoni kwa shule, darasa la kwanza, analia.
Kadi ya chanjo, sijui nilikuwa nafikiria nini.
Zote nilimwekea mama yake azione kule Bari,
na pamoja naye watu mia nane
ambao wakipita kibandani kwangu siwatambui.

"Uliniuliza?"

Fundi nikakosa tupa.

Tukampigia mama. Tulifuta mpaka saa saba,
yeye akisema hiyo hapana, hiyo nitumieni mimi peke yangu,
akilia kidogo, akicheka kidogo.
Maji yakimwagika hayazoleki, najua;
huenda kuna mtu mahali ana ndoo yake imejaa.
Lakini bomba tulilifunga.

Asubuhi nilibadili kitasa cha mlango wangu mwenyewe,
kazi ya kwanza mwaka huu isiyo na malipo.
Tekle alinishikia skrubu.
Ufunguo mpya ameuficha, hata mimi hanionyeshi.
Ule wa zamani ameuning'iniza kwenye mkoba.
Haufungui kitu chochote duniani.
Huo anaupiga picha atakavyo.