Mizani ya Karatasi

Nilianza kazi hapa nikipima karatasi:
kipande cha ukubwa wa kiganja juu ya mizani ya kioo,
gramu themanini kwa mita ya mraba.
Ikizidi, unarudisha. Ikipungua, unarudisha.
Ujana ukanidanganya kwamba kila kitu hupimika hivyo.

Leo mto Kymi umeganda hadi kwenye nguzo za daraja,
na Mashine ya Tatu inazimwa Ijumaa.
Watu kumi na tisa. Nafasi kumi na mbili.
Makao makuu wameniletea jedwali:
ujuzi, miaka kazini, siku za ugonjwa,
na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi,
"Meneja atathibitisha."

Reijo Nykter, miaka thelathini na mmoja.
Huisikia mashine ikikohoa kabla haijakohoa.
Mashine mpya haikohoi, ina skrini,
naye huitazama skrini kama barua ya benki.
Saimi, miaka mitatu, watoto pacha.
Siku za ugonjwa: ishirini na nne.
Jedwali halisemi homa zilikuwa za nani.

Nikaufuta mstari ule.
Nikaurudisha,
maana Pentti alikuja kila alfajiri, kifua kikimbana,
naye je, asihesabiwe?
Leso moja haikaushi macho mawili ya watu wawili.

Na Ilpo, wa kumi na moja, ni shemeji yangu.
Niliomba mtu mwingine ampime.
Mkuu akacheka kwenye simu: "Wewe ndiye unayewajua."
Huko kuwajua ndiko kunakonifunga mikono.

Jumatano niliwaita kwenye chumba cha kahawa.
Nikatundika jedwali ukutani, majina nimeyafunika kwa utepe.
"Nibishieni," nikasema,
"kabla halijawa msumeno."
Kimya. Birika likatokota, likachoka.
Kisha Reijo, kutoka dirishani, bila kugeuka:
"Homa za watoto mmeziandika wapi?"

Tulibishana hadi zamu ikaisha.
Pentti alipiga meza, kahawa ikamwagika.
Siku za kuuguza watoto tukaziondoa.
Usiku nikajumlisha, peke yangu, mara tatu:
Saimi akapanda hadi wa kumi na mbili.
Wa kumi na tatu, Reijo.
Ilpo akabaki palepale.
Wapo wasionisalimia mpaka leo kwa ajili hiyo,
na sina hakika kwamba wanakosea.

Ijumaa, Reijo aliizima mashine kwa mkono wake.
Sakafu iliacha kutetemeka, tukayumba
kama watu waliozoea kuegemea kelele.

Jioni alinikuta maegeshoni,
nakwangua barafu kwenye kioo cha gari.
Nilikuwa na maneno, nimeyapanga tangu asubuhi.
Alisimama. Pumzi yake nyeupe.
"Upande wa kushoto," akasema, "bado,"
akaenda zake.