Sentimita Kumi na Tisa

Kimeletwa kabla ya saa moja, ndani ya kopo la formalini,
kipande cha utumbo kisichozidi kidole changu cha mwisho kwa unene.
Hakina jina. Namba tu, na wiki alizokaa tumboni: ishirini na saba.
Nje, Kuopio bado ni usiku,
na gari la theluji linakwangua barabara
kama kijiko kwenye sufuria tupu.

Mimi si daktari. Mimi ni Raili, mkata nyama zilizozikwa ndani ya nta:
maikroni nne, maikroni nne,
utepe mwembamba kuliko ganda la kitunguu
unaelea juu ya maji ya vuguvugu
hadi niupokee kwa kioo.
Kisha rangi. Zambarau kwa viini, waridi kwa vingine vyote.

Nimewaona.
Wale walinzi wenye miili mipana, seli zinazomeza uchafu na maiti,
wamesongamana pale ukuta ulipobomoka,
matumbo yamewajaa matofali
ya nyumba waliyoajiriwa kuilinda.
Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu.
Huyu hakuwa hata na nguo.

Daktari Hyvärinen hunieleza huku kahawa ikichujika:
hewa ikipungua, mwili hugawa kama mama mwenye mkate mmoja.
Ubongo kwanza. Moyo.
Utumbo huambiwa ngoja.
Na utumbo mchanga haujafunzwa kungoja;
hupiga yowe la kemikali,
nalo yowe huwafikia walinzi wasiomaliza mafunzo,
ambao juzi tu, katika giza la mama,
waliishi kwa hewa kiduchu na hawakumgusa mtu.

"Mbona kule iliwatosha?"
Akakoroga kahawa isiyo na sukari.
"Hilo," akasema, "ndilo linalonilipa mshahara."

Maziwa yalikuwa yameingia na wageni wake,
vijidudu wapole wa chuchu na ngozi,
wa kupewa siku mbili za heshima, ya tatu jembe.
Walipewa mkuki.

Nilikuwa na miaka tisa
mwaka ule ziwa la nyuma ya nyumba yetu, Nilsiä,
lilipofungwa na barafu tangu Novemba
hadi pumzi ikaisha chini.
Machi baba alitoboa tundu, upana wa beseni,
na sangara wetu wadogo wakaja,
mamia, midomo nje, wakipandana,
mapezi yao yakichanana bila kujuana.
Nikakimbia. Nilidhani wanatushambulia.
Baba hakugeuka, alikuwa anaongeza tundu kwa shoka:
"Hawakujui wewe. Hawamjui yeyote."

Leo nimekata hadi mwisho wa kipande,
mahali kisu cha mpasuaji kilipoamua: hapa pazima.
Vidole vidogo vya utando vimesimama wima,
waridi, vimelowa,
na katikati ya kimoja, peke yake,
mlinzi wa aina ileile.
Mwili mpana, kiini kama harage.
Hali kitu. Amekaa tu,
kama mtu aliyeketi kitandani mwa mtoto mwenye homa
baada ya homa kushuka.

Kuandika ripoti si kazi yangu.
Lakini kioo hicho nimekiweka juu ya vingine.